Betri Nje ya Redio

Katika somo lililopita uliwasha globu ya tochi kwa betri moja, kisha kwa betri mbili zilizofuatana. Uliona kwamba kwa betri mbili globu iliwaka kwa mwanga mkali zaidi. Leo tutaitumia habari hiyo katika kazi ya nyumbani. Tutaibadili redio ndogo ili itumie betri kubwa zisizoweza kuingia ndani yake.

Tuseme bibi mmoja anakaa Tunduma, mkoa wa Songwe, si mbali na reli ya TAZARA. Ana redio inayotumia betri nne ndogo. Kila jioni husikiliza taarifa ya habari, na wakati wa mavuno husikiliza bei ya mahindi. Mjukuu wake, msichana wa darasa la tano, ndiye anayetumwa dukani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Redio imenyamaza tena, na betri tumenunua juzi tu."

"Si juzi, bibi. Leo ni siku ya nne."

"Juzi au siku ya nne, fedha ni ile ile. Sinunui nyingine mpaka mahindi yauzwe. Lakini nisiposikia bei, mchuuzi atanitajia bei aitakayo yeye."

Msichana alikumbuka kwamba mjomba wake, anayelinda ghala usiku, ana tochi ndefu yenye betri nne kubwa, nayo hukaa siku nyingi kabla ya kufifia. Alitaka kuziazima betri hizo. Bibi akakataa, akisema kwamba betri kubwa zitaiunguza redio ndogo. Je, bibi alisema kweli?

Chukua betri moja kubwa na moja ndogo za aina ile ile. Soma maandishi yaliyo ubavuni. Utaona kwamba zote mbili zimeandikwa volti 1.5. Volti ni kipimo cha msukumo wa umeme. Fikiri juu ya debe na pipa yaliyowekwa juu ya meza moja, yakiwa na maji ya kimo kimoja na matundu yaliyo sawa. Maji yatatoka kwa nguvu iliyo sawa, bali debe litakauka mapema. Betri kubwa ni pipa na betri ndogo ni debe. Msukumo ni mmoja. Tofauti iko katika akiba.

Unaweza kukadiria tofauti hiyo. Izungushie betri ndogo karatasi, uibandike kwa gundi, kisha itoe betri. Umepata mrija wa karatasi. Fanya vivyo hivyo kwa betri kubwa. Simamisha mirija yote miwili mezani, kisha jaza mrija mkubwa kwa mchanga ukitumia ule mdogo kama kipimo. Betri ndogo ina upana wa milimita 14 na urefu wa milimita 50. Kubwa ina milimita 34 na 61. Utahitaji mirija midogo kama saba kuujaza mmoja mkubwa. Ndani ya betri kavu za kawaida kuna kopo la zinki, unga mweusi wa manganizi na kijiti cha kaboni. Zinki huliwa polepole umeme unapotumika. Penye zinki nyingi na unga mwingi, kazi huendelea muda mrefu.

Basi bibi hakusema kweli. Betri nne ndogo zikifuatana hutoa volti 6, yaani 1.5 mara 4. Betri nne kubwa zikifuatana hutoa volti 6 vile vile. Redio haijui ukubwa wa betri. Inapokea msukumo tu.

Sasa tutengeneze. Mwombe ruhusa mwenye redio, na umweleze mwalimu au mtu mzima unalotaka kufanya. Tafuta kipande cha mwanzi chenye upana wa ndani usiopungua milimita 35 na urefu wa sentimita 25 hivi. Toboa vifundo vya ndani, kisha upasue mwanzi kwa urefu upate mifereji miwili. Mmoja unatosha. Usipopata mwanzi, kunja karatasi ngumu. Tafuta pia nyaya mbili nyembamba zenye rangi mbalimbali, na ukanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli.

Panga betri nne katika mfereji, kifundo cha kila moja kikigusa kitako cha inayofuata. Upande wenye kifundo ni chanya, na kitako ni hasi. Menya ncha za nyaya, uzizungushe ziwe bapa kama sarafu. Bandika waya mmoja kwenye kifundo cha mwisho na mwingine kwenye kitako cha mwisho. Zungusha mpira kwa urefu wa mwanzi ili ubane ncha zote mbili. Usiache nyaya hizo zigusane. Zikigusana, umeme utapita pasipo kazi, nyaya zitapata moto na betri zitaisha bure.

Kazi ngumu ni kuupata mlango wa kuingilia. Toa betri ndogo zote na utazame vizuri chumba chao. Vipande vya chuma vinavyogusa betri mbili kwa pamoja ni madaraja tu. Vimo viwili vinavyogusa betri moja moja. Hivyo ndivyo milango: kimoja chanya, kingine hasi. Alama za + na − zilizochorwa chumbani zitakuonyesha kila kimoja ni kipi. Chonga vijiti viwili vya mti vyenye ukubwa wa betri ndogo. Zungushia ncha ya kila waya kwenye kichwa cha kijiti kimoja, ukibane kijiti mahali pa betri ili waya uguse mlango wake. Mti haupitishi umeme, kwa hiyo upande wa pili wa kijiti hauna madhara. Nafasi mbili zilizobaki ziache tupu.

Msichana wetu alifanya hayo yote, akawasha redio. Ilikoroma kidogo, kisha kimya. Bibi akatikisa kichwa. Msichana hakuongeza betri wala hakuipiga redio kofi, kama wengi wafanyavyo. Alifungua mwanzi na kutazama betri moja moja. Ya tatu ilikuwa imegeuzwa! Betri iliyogeuzwa husukuma kinyume. Tatu zilitoa volti 4.5 kwenda mbele, na moja ilirudisha nyuma volti 1.5. Zikabaki volti 3, nusu ya mahitaji ya redio. Alipoigeuza, sauti ya mtangazaji ilijaa chumbani. Ilikuwa bahati kwamba ni betri moja iliyogeuka. Kama zote nne zingegeuzwa pamoja, umeme ungeingia redioni kinyume, na transista zingeweza kuharibika.

Kuziweka betri nje si jambo jipya. Ukivuka mpaka wa Tunduma unaingia Zambia, ambayo zamani iliitwa Rhodesia ya Kaskazini. Huko Lusaka, Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari, alitaka redio ambayo mtu wa kijijini angeweza kuinunua. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ilitoa redio hiyo. Umbo lake lilitokana na sufuria ya aluminiamu, ikapakwa rangi ya samawati, ikaitwa kwa Kiingereza Saucepan Special, yaani redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri iliuzwa mbali. Redio za wakati ule zilitumia valvu, ambazo hula umeme mwingi, kwa hiyo betri yake kubwa ilikaa nje na kuunganishwa kwa waya. Iliweza kudumu karibu saa 300. Transista iligunduliwa Marekani mwaka 1947, na redio za kwanza za transista ziliuzwa mwaka 1954. Tangu hapo betri chache ndogo zikatosha, nazo zikahamia ndani ya redio. Kwa mwanzi wetu tumezirudisha nje.

Hapa kwetu, mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi vya "Mtu ni Afya", wakajifunza kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Penye kikundi kisicho na umeme wa nyumba, betri zikiisha na somo hukatika.

Sasa sikiliza maonyo. Tunduma ni mji wa malori, na malori mengi makubwa hutumia volti 24. Wako vijana wanaodhani kwamba betri ya lori ni nzuri zaidi kwa kuwa ni kubwa. Msukumo huo ni mara nne ya ule unaotakiwa na redio ya volti 6. Redio itaungua mara moja. Betri ya pikipiki yenye volti 12 nayo haifai. Soma kwanza volti zilizoandikwa nyuma ya redio yako. Umeme wa ukutani una volti 230 nao huua. Usifungue kabisa redio inayochomekwa ukutani, hata kama imezimwa.

Watu wengi huanika betri zilizochoka juani. Ni kweli kwamba joto huziamsha kidogo, lakini zinki iliyokwisha kuliwa hairudi, na kopo lililotoboka huvuja maji yanayokula chuma cha redio. Mimi nisingeziweka betri hizo ndani ya redio ya bibi. Usizitupe motoni, maana huweza kupasuka. Tena usichanganye betri mpya na zilizochoka, kwa sababu iliyochoka huzuia nyingine.

MASWALI

1. Redio imeandikwa volti 9. Inahitaji betri ngapi za volti 1.5? Mwanzi wake uwe na urefu gani ikiwa kila betri ina milimita 61?

2. Katika betri sita zilizofuatana, mbili zimegeuzwa. Ni volti ngapi zitakazobaki?

3. Uliza dukani bei ya betri nne ndogo na nne kubwa. Ikiwa ndogo hudumu siku 4 na kubwa siku 20, ni zipi zilizo rahisi kwa siku moja?

4. Msichana alipanga mistari miwili ya betri nne nne, akaunganisha chanya na chanya, hasi na hasi. Je, volti ziliongezeka? Ni kitu gani kilichoongezeka? Rudia mfano wa pipa kabla ya kujibu.

5. Chora chumba cha betri cha redio ya nyumbani kwenu. Onyesha madaraja na milango miwili.