Utafiti wa Kisukari kwa Watoto: Mzazi, Soma Kwanza



Watu wengi hudhani kisukari ni ugonjwa wa watu wazima tu. Sivyo. Watoto pia huugua.

Mtoto huona kiu kali. Hukojoa mara nyingi. Hukonda ingawa anakula. Aliyekwisha acha kukojoa kitandani huanza tena. Mtoto huyo hakurogwa. Wala si kwa sababu ya kula sukari nyingi. Mwili wake umeacha kutengeneza insulini. Asipodungwa insulini kila siku, atakufa.

Tuseme mtoto huyo anatoka kijiji kimoja cha Kisarawe. Anatibiwa hospitali ya Tumbi, Kibaha. Siku moja wataalamu wanawaomba wazazi wakubali mtoto aingie katika utafiti. Watachukua damu kidogo. Watauliza habari za ukoo. Baba anaogopa, kwani amesikia hadithi za mumiani. Mama anauliza, "Damu ya mwanangu ni ya kazi gani?"

Mama ameuliza vema. Utafiti ni kutafuta ukweli kwa utaratibu. Jirani zetu wa Dar es Salaam walifanyiwa utafiti tangu 1982 hadi 1991. Dakta Andrew Swai na wenzake waliandika watoto na vijana waliopata kisukari. Hivyo ilijulikana kuwa ugonjwa huu upo kwa watoto wetu, ingawa si wengi.

Insulini yenyewe ilitokana na utafiti. Mwaka 1922, huko Toronto, Kanada, Leonard Thompson, mwenye miaka 14, alidungwa insulini. Baba yake alikubali. Sindano ya kwanza haikumsaidia. Dawa iliposafishwa vizuri zaidi, alipata nafuu. Aliishi mpaka 1935.

Kabla ya kukubali, kumbuka haya:

1. Utafiti si matibabu. Usiache kumpa mtoto insulini.

2. Hulazimishwi. Ukikataa, mtoto ana haki ya kutibiwa kama kawaida. Ukikubali, unaweza kumtoa siku yoyote.

3. Utafiti wa afya lazima uwe na kibali. Uliza kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR).

4. Uliza: Mtachukua damu kiasi gani? Mara ngapi? Nauli atalipa nani? Majibu tutaelezwa?

5. Mtoto aliyepata akili naye aelezwe na aulizwe.

6. Usitie sahihi wala dole gumba kabla ya kuelewa. Sasa unajua kusoma. Isome karatasi mwenyewe. Neno likikushinda, uliza maana yake.

Damu ni ya mwanao. Kukubali ni msaada kwa watoto wengine. Kuuliza ni haki yako.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Taja dalili tatu za kisukari kwa mtoto.

2. Kwa nini mtoto aliye katika utafiti asiache insulini?

3. Wewe ungewauliza wataalamu swali gani la kwanza?