Fasili ya Kijana Aliyetaabika Akili

Ama baadu, ijulikane ya kuwa maradhi ya akili ni maradhi kama homa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, ameamrisha watu wajitibu. Basi mzee wa Chumbageni amwonapo mwanawe halali usiku, amejitenga na wenziwe, asema kuwa uhai umemchosha, si halali kumfungia chumbani kwa kuona haya majirani. Hospitali ya Bombo i mjini humu humu. Na huko Lutindi, milimani Korogwe, wagonjwa wa akili hutibiwa tangu mwaka 1904. Waliopaanzisha ni wamisheni wa Kijerumani, na hilo si udhuru, kwani tabibu huulizwa ujuzi wake.

Kumsomea Kurani hakukatazwi. Linalokatazwa ni kumpiga na kumtia minyororo ati pepo amtoke, na kumkatiza dawa.

Atajaye kujiua asiachwe peke yake hata saa moja. Kamba, visu, sumu na vidonge viondoshwe. Aulizwe kwa upole, kwani kuulizwa hakumtii mtu nia hiyo. Na apelekwe siku ile ile, ijapokuwa ni usiku.

Wako wamwambiao mwenye huzuni kuwa imani yake ni haba. Nabii Yakubu alihuzunika hata macho yake yakaingia weupe, naye ni Nabii.

Ama aliyeondokewa na akili kabisa pasi na kujitakia, katika madhehebu ya Imamu Shafii sala zilizompita hazilipi, talaka yake haishuki, na mali yake huangaliwa na baba, kisha babu, kisha wasii, kisha kadhi.