SOMO LA GARI: KUCHAGUA MENO YA DIFU YA PIKAPU



Msimu wa kuchuma unakaribia, na kama ilivyo dasturi kila mmoja wetu anatazama majamvi, magunia na makamba yake. Wachache ndio wanaoinama kutazama chini ya gari. Khabari ya gari huanza kuulizwa siku limesimama njiani, limejaa, na wachumaji wamekaa juu ya magunia.

Khasara yake sote twaijua. Karafuu mbichi hazingoji. Zikilala ndani ya gunia huchemka, zikavunda, na zikianikwa baadaye hutoka nyeupe-nyeupe, zimesinyaa, wala hazipati daraja ya kwanza. Tena katika kila kilo 3 za mbichi hutoka kadiri ya kilo 1 kavu tu. Kwa hivyo pikapu linalotoka shamba hubeba uzito mara tatu ya ule utakaouzwa. Uzito huo wote hupita katika sehemu moja ndogo ya chuma, nayo ni difu.

Wanachama kadhaa wametuuliza: difu ikifa, tununue ya namna gani? Leo tutajibu kwa utaratibu, ili kila mmoja aende dukani anajua anachokitaka.

1. Difu ni nini

Difu ni lile bonge lililo kati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake mna gurudumu kubwa la meno, ambalo mafundi huliita krauni, na gurudumu dogo linaloliendesha, ambalo huitwa pinioni. Pinioni imeungwa na propela inayotoka kwenye giaboksi. Katikati ya krauni mna meno mengine madogo, na kazi yao ni kuliachia gurudumu la nje liende mbio kuliko la ndani gari linapopiga kona. Fikra hii ni ya zamani. Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliitengeneza kwa gari la mvuke katika miaka ya 1820, kabla ya motokari za petroli kuwako.

2. Hesabu ya meno

Jambo la kwanza la kujua ni uwiano. Hesabu meno ya krauni, ugawe kwa meno ya pinioni. Krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10 ni 4.1, maana yake propela huzunguka mara nne na sehemu moja ya kumi ili magurudumu yazunguke mara moja. Mapikapu ya Toyota Hilux, ambayo wengi wetu tunayo, yametoka na uwiano wa namna nyingi: 43 kwa 12 ni 3.583, 43 kwa 11 ni 3.909, 41 kwa 9 ni 4.556, na 39 kwa 8 ni 4.875. Kwa nje mabonge haya huweza kufanana kama pacha. Basi asikudanganye mtu kwa kusema, “Hii ni ya Hilux, itaingia.” Kuingia itaingia, swali ni itafanya kazi gani.

Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo gari linavyovuta kwa nguvu na kwenda polepole. Kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo linavyokimbia kwa wepesi na kushindwa na mlima.

3. Kujua uwiano bila ya kufungua

Weka gari mahali pa sawa, uzuie magurudumu ya mbele kwa mawe, mbele na nyuma yake. Inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, uliache la pili chini, na utie kigogo imara chini ya ekseli; usitegemee jeki peke yake. Weka gia huru, ulegeze breki ya mkono. Tia alama ya chokaa juu ya tairi na juu ya propela. Sasa zungusha tairi mara 20 kamili, na mwenzako ahesabu mizunguko ya propela. Gawa kwa 10. Ikiwa propela imezunguka mara 41, uwiano ni 4.1, ikiwa ni 39 na kidogo, ni 3.909, ikiwa ni 45 na nusu, ni 4.556.

Mtu atauliza, kwa nini tairi mara 20 na kugawa kwa 10? Kwa sababu gurudumu moja limesimama, na difu hugawa mwendo kwa magurudumu mawili; krauni huzunguka nusu tu ya gurudumu lililo juu. Na kama tairi limekataa kabisa kuzunguka, huenda difu yako ni ya kujifunga, nayo ina mafuta yake makhsusi; mwonyeshe fundi kwanza.

Zaidi ya hayo, gari lina kibati cha kiwandani chenye alama ya ekseli. Nakili alama hiyo yote kwenye karatasi, uende nayo dukani. Lakini gari lililokwisha kubadilishwa difu kabla hujalinunua, kibati hakisemi kweli tena. Hapo hesabu ya chokaa ndiyo shahidi.

4. Turejeshe uwiano ule ule au tubadilishe?

Shauri letu ni kuwa mwenye gari lililokuwa likifanya kazi vizuri arejeshe uwiano ule ule. Kubadilisha kuna sababu mbili tu za haki.

Ya kwanza ni matairi. Ukitia matairi makubwa kwa sehemu moja ya kumi, gari la 4.1 huwa kama la 3.73, nalo hulemewa. Ili kurejesha nguvu yake, zidisha 4.1 kwa 1.1, upate 4.51, difu iliyo karibu ni ya 4.556.

Ya pili ni kazi. Gari lililokuwa la mjini likaletwa kubeba magunia katika vilima na udongo wa utelezi wa Pemba laweza kufaidika na namba kubwa. Kutoka 4.1 kwenda 4.875, nguvu ya kuvuta huzidi kwa kadiri ya asilimia 19. Lakini kila kitu kina bei yake. Tuchukue tairi ambalo mzunguko wake mmoja ni mita 2.1, na mwendo wa kilomita 60 kwa saa katika gia isiyozidisha wala kupunguza. Kwa 4.1 injini huzunguka kama mara 1,950 kwa dakika, kwa 4.875 huzunguka kama mara 2,320. Mafuta yatakwenda zaidi barabarani. Tena pinioni ya meno 8 ni nyembamba kuliko ya meno 10 katika krauni ya kadiri moja, na kwa kawaida ni dhaifu zaidi. Na mwenye gari lenye gia nzito za kupandia milima hana haja hiyo, azitumie alizonazo.

Kumbukeni pia saa ya mwendo. Katika magari mengi ya zamani saa hiyo huendeshwa na giaboksi. Ukitoka 4.1 kwenda 3.583, saa itaonyesha kilomita 52 na hali wewe unakwenda 60. Hiyo ni hatari kwako na kwa wapita njia.

5. Gari la magurudumu manne

Hapa pana sharti lisilo na mjadala. Gari linalovuta mbele na nyuma lina difu mbili, na uwiano wake sharti ulingane. Ukitia 4.556 nyuma na kuacha 4.1 mbele, siku utakapofunga magurudumu manne ekseli mbili zitavutana, na kitu kitavunjika. Basi mwenye gari hilo akitaka kubadilisha uwiano, na atie akilini gharama za difu mbili.

6. Mpya au iliyotumika

Ukinunua meno mapya, nunua krauni na pinioni kwa pamoja. Kiwandani husagwa pamoja, na huandikwa namba moja ya kulingana. Kuchukua krauni ya huku na pinioni ya kule ni kununua mlio na khasara. Ununue na beringi mpya, sili, na ile bushi laini inayobanwa na nati ya pinioni, kwani ikisha kubanwa mara moja haifai tena. Kazi ya kufunga ni ya fundi mwenye kipimo. Nafasi baina ya meno katika difu nyingi za Toyota ni kati ya milimita 0.13 na 0.18, na jicho halipimi hayo. Mwambie apake rangi meno machache, azungushe, akuonyeshe yanagusana katikati, si kwenye ncha wala kwenye kitako.

Ukinunua difu nzima iliyotumika, Hilux ina wepesi wake, kwani bonge lote hutoka mbele ya ekseli. Hesabu meno mwenyewe. Pitisha kidole juu ya kila jino, utafute vishimo na mikatiko. Shika pinioni uitikise. Ikicheza juu na chini, beringi zimekwisha. Tazama kutu na alama za maji. Bei ndogo isikutie tamaa. Rahisi huvunja upishi.

7. Isife tena

Tia oili ya difu ya daraja ya GL-5, mpaka ifike ukingo wa tundu la kujazia. Ukivuka maji mengi, itazame. Ikiwa kama maziwa, imwage siku hiyo hiyo. Gari likinasa topeni, usikanyage mafuta na huku tairi moja linazunguka bure. Meno madogo ya katikati huungua, na tairi likishika ghafla hukatika. Teremsha magunia, utie makuti chini ya tairi, utoke taratibu.

ZOEZI. Mwanachama amezungusha tairi mara 20, propela ikazunguka mara 43. Dukani ameonyeshwa difu yenye krauni ya meno 43 na pinioni ya meno 11. Ainunue? (Jibu: Asinunue. Difu yake ni 4.3, na ya dukani ni 3.909.)

Tunawaomba wanachama wenye mapikapu wafanye hesabu ya chokaa kabla ya msimu, waiandike namba ndani ya mlango wa gari. Siku ya haja, namba hiyo itaokoa siku nzima ya kuchuma.



Katibu