Urejelezi katika Tafsiri ya Fomula za Excel kwa DAX

Makala haya yanachunguza urejelezi katika fomula za lahajedwali ya Excel zinapofasiriwa kwa DAX, lugha ya fomula iliyotolewa na Microsoft mwaka 2010 pamoja na Power Pivot.

Katika lugha chanzi, C2/B2 si majina bali ni vionyeshi, mithili ya 'hapa' na 'jana': fomula ikinakiliwa mstari wa chini husomeka C3/B3. Alama ya dola tu ndiyo huligandisha rejeo. DAX haina anwani za seli. Hutaja jedwali na safu, na thamani huamuliwa na muktadha, jambo ambalo mwanaisimu hatalistaajabia.

Hapo ndipo tafsiri sisisi hupotosha. Duka la kwanza lilipokea mikate 100 likauza 80. La pili lilipokea 10 likauza 1. Katika lahajedwali, fomula ileile ikinakiliwa hadi mstari wa jumla hutoa 81/110, takriban asilimia 73.6. Mfasiri anayeandika Maduka[Iliyouzwa] / Maduka[Iliyopokewa] kama safu ya kukokotolewa hupata uwiano sahihi wa kila duka. Lakini jedwali la modeli halina mstari wa jumla. Ripoti ikijumlisha safu hiyo hutoa asilimia 90. Wastani wake, asilimia 45, nao haufai. Tafsiri faafu ni kipimo DIVIDE(SUM(Maduka[Iliyouzwa]), SUM(Maduka[Iliyopokewa])), kinachojumlisha kwanza ndipo kigawanye, katika kila muktadha wa uchujaji.

Kosa hilo ni gumu kugundulika, kwani kisarufi fomula zote mbili ni sahihi na kompyuta haitoi onyo lolote.