KRIMU MBILI: DUKANI ZINAFANANA, KWENYE PICHA ZINAPISHANA

Muuzaji mwenzangu wa Mji Mkongwe, umeamua kupaka rangi chumba unachopigia picha za bidhaa. Dukani unaoneshwa krimu mbili, moja inaelekea njano, nyingine inaelekea waridi. Kwenye chati unaona ni zile zile, unabeba ndoo ya lita 20. Wiki ya pili mteja wa Dar anarudisha kanzu: "Kwenye picha ilikuwa krimu, hii mbona nyeupe pee?" Gharama ya kuuvusha mzigo kurudi ni yako.

Kanzu haina kosa. Ukuta hurusha rangi yake kwenye kitu kilicho karibu. Krimu ya njano huifanya nguo nyeupe ionekane kuukuu. Krimu ya waridi huipa nguo hiyo wekundu kidogo, na hufifisha kijani.

Na kwetu vichochoro ni vyembamba. Mwanga unaoingia dirishani mara nyingi umeshagonga ukuta wa jirani. Kama ukuta wake ni wa njano, chumba chako kimeshapata njano kabla hujapaka.

Fanya hivi:

1. Nunua kopo dogo la kila rangi. Paka manila nyeupe mbili, mikono miwili, ziache zikauke kabisa. Rangi mbichi inadanganya.

2. Zisimamishe pale pale unapopigia picha, katikati weka karatasi nyeupe. Hapo utaiona ipi ni njano, ipi ni waridi.

3. Piga bidhaa ile ile mbele ya kila moja: saa 3 asubuhi, saa 7 mchana, saa 11 jioni. Usiku tumia taa yako ya kawaida. Taa iliyoandikwa 2700K huongeza njano, ya 6500K huelekea buluu.

4. Shika bidhaa mkononi, ilinganishe na kila picha. Picha iliyo karibu zaidi na bidhaa ndiyo imekuchagulia rangi.

Zote mbili zikikuharibia nyeupe? Paka uipendayo, lakini tundika shuka nyeupe nyuma ya bidhaa.

Angalizo: ukuta wa zamani wa mawe na chokaa unahitaji kupumua. Rangi ya plastiki huziba unyevu, baadaye inabanduka. Muulize fundi kuhusu chokaa iliyotiwa rangi.

Kopo mbili ndogo ni rahisi kuliko mteja aliyeacha kukuamini. Wewe unapigia picha mbele ya ukuta wa rangi gani? Tuambie hapa chini 👇