Somo: Kupanga Harusi kwa Fedha Iliyo Mkononi

Tunapotembelea vikundi vya akiba na mikopo, huwa tunauliza kwa nini marejesho yamechelewa. Tunategemea kusikia habari za ukame au ugonjwa wa kuku. Mwaka jana mama mmoja alitujibu kwa sauti ya chini, "Mkopo wa ng'ombe ulimalizia ukumbi wa harusi ya binti yangu." Ndiyo maana katika toleo hili tumeona tuzungumzie harusi.

Kwanza tutenganishe ndoa na sherehe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku 21 kabla, na kanisani tangazo husomwa Jumapili tatu. Hakuna sheria wala mchungaji anayedai ukumbi, keki ya ngazi tano au ndafu. Hata hivyo, katika sharika zetu zipo familia zenye watoto watatu au wanne ambazo hazijafunga ndoa, na kwa sababu hiyo hazishiriki Meza ya Bwana, kwa kuogopa gharama za sherehe tu. Wazee wa kanisa wanaowatembelea wawaambie wazi kwamba sherehe si sharti, kisha wawapeleke kwa mchungaji.

Kwa wanaotaka sherehe, kosa letu kubwa ni kujumlisha ahadi kana kwamba ni fedha. Mimi mwenyewe nililifanya nikiwa mhazini wa kamati ya harusi. Bajeti ilikuwa Sh. 9,000,000 na daftari la ahadi lilisoma Sh. 8,600,000. Tulipiga makofi, tukalipa kianzio cha ukumbi. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe zilikuwa zimeingia Sh. 4,700,000. Kila jioni nilikuwa nikipiga simu, na watu niliowaheshimu wakaacha kupokea. Bwana harusi na bibi harusi wakaanza kununiana kabla hata ya kuvaa pete. Mwishowe walikopa. Sisi wajumbe tulikula, tukacheza, tukarudi nyumbani. Deni walibaki nalo wao.

Harusi iliyofuata tuliipanga kinyume. Familia zote mbili zilitaja fedha walizokuwa nazo bila mchango wa mtu: Sh. 2,000,000. Tukapanga harusi kamili kwa kiasi hicho, ya watu 100, kwenye uwanja wa usharika, chakula kikipikwa na akina mama. Kisha tukaandika mapema nyongeza zitakazofuata michango ikiingia: kwanza turubai, kwa kuwa ulikuwa msimu wa mvua, kisha vinywaji zaidi, mwisho mpiga video. Ambacho kilikuwa hakijapata fedha siku kumi kabla kilifutwa. Video ilifutwa. Shangazi mmoja alinuna hadi siku ya harusi, lakini hakuna aliyekopa.

Michango siku hizi huja kwa simu. Itumike namba moja tu, na mhazini asome kwenye kila kikao kilichoingia baada ya makato ya kutoa.

Kinachobeba bajeti hasa ni idadi ya watu. Sahani ikiwa Sh. 10,000 na vinywaji Sh. 3,000, kupunguza watu 80 ni kuokoa Sh. 1,040,000 kabla hujahesabu viti. Nimekaa kwenye vikao vilivyobishana saa nzima juu ya rangi ya mapambo, huku orodha ya wageni ikipitishwa kwa dakika tano! Kupunguza majina ni kazi ya wazee wa pande zote mbili. Asiachiwe bibi harusi, kwa maana lawama zitamfuata hadi kwenye ndoa yake. Na kwa wenzetu wa Kilimanjaro, Desemba ndugu wengi wapo nyumbani, ni kweli, lakini kila mwenye kumbi na magari anajua hilo pia.

Kipo kifungu kimoja ambacho wengi hawakitazami, nacho ni kuvunja kamati. Mahali pengine kikao hicho kimekuwa sherehe nyingine, yenye nyama na bia, kwa fedha za maharusi. Sisi tulivunja yetu kwa chai na maandazi. Hesabu zilisomwa, zikabaki Sh. 212,000, tukazikabidhi kwenye bahasha. Wale vijana walinunulia godoro.