Cheche za Kamukunji na Michupo ya Chembe: Uigaji wa Fizikia kwa Lugha ya Kiswahili

Makala hii inakusudia kuonyesha namna Kiswahili kinavyoweza kueleza uigaji wa michupo ya chembe kwa kutumia tajiriba ya mwenyeji wa Pumwani, Nairobi. Neno "jeti" lingeweza kukopwa, lakini kwa wasemaji wengi huashiria ndege. Kwa hivyo, "mchupo" ndilo linalopendekezwa hapa.

Karibu na Pumwani, mafundi wa jua kali wa Kamukunji hufua na kunoa vyuma mchana kutwa. Chuma kigusapo jiwe linalozunguka, cheche nyingi huruka zikielekea upande mmoja. Mpita njia huenda asipaone mahali chuma kilipoguswa, ila hupakisia kwa kufuata mkondo wa cheche.

Hali yakaribia kuwa hiyo katika mtambo wa LHC wa CERN, wenye mzingo wa kilomita 27 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Protoni mbili zigonganapo, kwaki au gluoni huweza kuchupa kwa nguvu. Kwaki haionekani ikiwa peke yake. Kinachofikia vigunduzi ni kundi la chembe ziendazo upande mmoja, yaani mchupo. Mwaka 1979, michupo mitatu iliyoonekana pamoja mjini Hamburg, Ujerumani, ilitoa ushahidi wa kuwepo kwa gluoni.

Kwa kuwa chanzo hakionekani, wanafizikia huiga safari nzima kwa kompyuta. Programu ya PYTHIA, kwa mfano, hukokotoa mgongano. Huiacha kwaki itoe gluoni, nazo zitoe nyingine, mithili ya mti utoao matawi. Kisha huziunganisha kuwa hadroni. Nambari za nasibu huamua kila tukio kwa kufuata uwezekano uliokadiriwa na nadharia. Migongano mamilioni ikishaigwa, matokeo hulinganishwa na vipimo halisi. Yakitofautiana, ama pana kasoro katika uigaji au vipimo, ama pana jambo jipya katika maumbile.

Hata hivyo, mfano wa cheche una kikomo. Cheche ni vipande vya chuma kilichokuwapo. Hadroni za mchupo hazikuwapo kabla, bali huundwa kutokana na nishati ya mgongano. Mwalimu asiyeitaja tofauti hii humpa mwanafunzi picha nzuri na maarifa potofu.

Hivyo basi, kuunda istilahi pekee hakutoshi. Istilahi hukomaa pale mtumiaji anapojua mfano ulioizaa unafaa hadi wapi.